Lubumbashi: Makofi hayamsaidii kijana anayeandika hadisi

LUBUMBASHI – Kijana anamaliza kusoma hadisi yake mbele ya kundi. Wenzake wanapiga makofi. "Bravo, ndugu yetu, endelea hivyo hivyo." Kisha mkubwa wa kundi, mara nyingi mwalimu wa Kifaransa, anachukua karatasi na kalamu nyekundu: hapa aksanti imesahauliwa, pale sentensi ni ndefu mno. Watu wanaagana. Juu ya hadisi yenyewe hakuna aliyesema neno.

Lawama hapa si ya wanaoandika. Ni ya wanaosikiliza.

Msichana mmoja wa Katuba aliandika juu ya mama anayeuza makala ya kupikia, akimngojea mume aliyekwenda kuchimba Kolwezi. Mama huyo alisema na wateja kwa Swahili ya soko la Lubumbashi. Mkubwa akaamuru: weka Kiswahili bora. Msichana akatii, na muuza makala akaanza kusema kama meya anayefungua kikao! Ila shida ya kweli ilikuwa kwingine. Kwa kurasa tatu mama anangoja tu; haulizi mtu, hapigi simu, wala msomaji haambiwi kwa nini. Msikilizaji mmoja alisinzia hapo katikati. Huyo ndiye aliyekuwa na jambo la maana la kusema, na hakuulizwa.

Watetezi wa makofi wanasema kijana akikosolewa atavunjika moyo. Wengine wanaleta heshima: nani atamwambia mkubwa kwamba sura yake ya pili inachosha? Lakini fundi anayesema "motokari hii ni mbaya" bila kufungua moteri hamsaidii mwenye motokari, na anayesema "ni nzuri" hamsaidii zaidi. Heshima ni kusoma kurasa za mtu nyumbani, kabla ya mkutano, kisha kumwonyesha mstari: hapa nilishikwa, hapa nilipotea, hapa sikumwamini mume. Mwandishi anyamaze mpaka wote wamalize, maana kitabu kikiwa mikononi mwa msomaji yeye hatakuwepo kukieleza. Na asiwepo wa kumwandikia hadisi upya kwa namna yake mwenyewe. Kasoro za aksanti? Zipo, zitasahihishwa siku ya mwisho, si kazi ngumu.

Mji huu ndio uliomzaa Fiston Mwanza Mujila mwaka 1981. Riwaya yake Tram 83, iliyotoka mwaka 2014, imejaa makelele ya mji wa migodi, maongezi yanakatwa kila mara na sauti za wasichana wa baa. Kalamu nyekundu ingefuta nusu yake, na mwenye kalamu angelala na furaha kwamba amefundisha.

Msichana wa Katuba hajarudi kwenye kundi. Daftari lake bado liko kwa mkubwa.