Nani Aliyesema Tabaka Haina Karakana?

Wizara ya Elimu ilipozipanga shule za upili kwa ajili ya Gredi ya 10 iliyoanza Januari 2026, shule ndogo za kutwa zilitupwa kapu la mwisho, kundi la C4, zile tulizozoea kuziita shule za kaunti ndogo. Agizo lilikuwa kila shule itoe angalau mikondo miwili, na mmoja lazima uwe STEM, yaani sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati. Wa pili, kwa nyingi ya shule hizi, ukawa sayansi za jamii, kwa sababu haudai zaidi ya ubao, chaki na mwalimu. Mkondo wa tatu, sanaa na michezo, ukaachiwa shule kubwa zenye majengo. Uamuzi huu ni mbovu, na anayetaka kuuona ubovu wake vizuri aende Kisii.

Aende hasa Tabaka, Mugirango Kusini, ambako mawe ya sabuni huchimbwa mlimani na kuchongwa kando ya barabara. Jiwe linatoka machimboni likiwa na unyevu, jeupe, la waridi au la kijivu. Mchongaji analikata kwa panga, analitoa umbo kwa patasi na tupa, kisha linakwenda kwa anayelisugua. Huyo, mara nyingi mwanamke, huketi na karai la maji mbele yake, akaanza na msasa mkwaruzo, akamaliza na ule laini kabisa, maji yakigeuka maziwa. Likikauka linapakwa nta mpaka ling'ae. Mtoto aliyekulia hapo anajua kwa kugusa tu jiwe lipi litapasuka likichongwa shingo nyembamba ya twiga. Elkana Ong'esa, mchongaji aliyetoka huku, kazi yake ya jiwe imesimama katika makao makuu ya UNESCO jijini Paris. Sasa mwambie mtoto huyo kwamba katika shule ya kutwa iliyo karibu na kwao, sanaa haiwezi kufundishwa kwa kuwa hakuna vifaa.

Shule hizi ndogo za kutwa hazikuota zenyewe. Kisii ni miongoni mwa kaunti zilizobanana zaidi nchini. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,266,860 huko na 605,576 Nyamira, kwenye vilima ambako shamba la familia ni kipande cha migomba, mahindi na mistari michache ya majani chai. Hazina ya maeneobunge ilipoanza mwaka 2003 ilijenga madarasa karibu kila kijiji, na elimu ya bure ya sekondari za kutwa ilipokuja 2008, madarasa hayo yakajaa. Ndiyo maana unakuta shule ya darasa moja kwa kila kidato, uwanja wake umeinama kufuata mlima, mpira ukitoka nje unafuatwa hadi kwenye chai ya jirani. Wanafunzi wanafika alfajiri na viatu vya umande. Wengine wamekwishachuma chai. Msichana aliyejifungua mwaka jana na kurudi darasani anaweza kwenda nyumbani jioni kunyonyesha, jambo ambalo hakuna shule ya bweni itakayomwezesha.

Wanaoutetea mpango wa wizara wana hoja zao, nazo si za kupuuzwa zote. Karakana ni ghali. Walimu wa sanaa waliohitimu ni wachache, na kuwatawanya katika mamia ya shule ndogo ni kuwapoteza. Afadhali, wanasema, tuwe na shule chache zinazofanya kazi hiyo vizuri, na mwanafunzi mwenye kipaji azichague. Kwani fomu ya kujiunga na Gredi ya 10 haikumpa nafasi ya kuchagua shule 12? Na isitoshe, nchi inahitaji wahandisi. Sawa, tumesikia.

Ila hoja ya vifaa, ambayo ndiyo nguzo ya mengine yote, inaanguka mara tu unapoiuliza swali moja. Kama shule isiyo na vifaa haifai kufundisha sanaa, imewezaje kulazimishwa kufundisha sayansi?

Tuangalie kinachotendeka. Shule ndogo ya kutwa yenye bahati ina chumba kimoja kinachoitwa maabara. Kina meza za saruji, mabomba yaliyokauka, na mtungi wa gesi unaotunzwa kama mgonjwa kwa sababu kuujaza tena ni hela. Somo la kemia linapofika kwenye jaribio, mwalimu anafanya mwenyewe mbele, wanafunzi wamemzunguka tabaka tatu, wa nyuma wanasimama juu ya viti. Mmoja anasoma kipimo kwa sauti, wote wanaandika tarakimu hiyo hiyo. Hivyo ndivyo fizikia, kemia na baiolojia zinavyofundishwa katika sehemu nyingi za nchi hii, na wizara inalijua jambo hilo, kwani serikali yenyewe imekuwa ikiahidi kujenga maabara mpya kwa ajili ya Gredi ya 10. Ahadi ya maabara ni ushahidi kwamba hazikuwapo. Hata hivyo STEM ni lazima, kila shule, iwe na maabara au isiwe nayo.

Kwa hiyo kigezo cha vifaa ni kigezo cha sanaa peke yake. Sayansi ikikosa vifaa, tunaambiwa tuanze, vifaa vitafuata. Sanaa ikikosa vifaa, mlango unafungwa. Na kichekesho ni kwamba katika Tabaka, kati ya mikondo hiyo, mmoja tu ndio ambao vifaa vyake vipo tayari, nje ya lango, vinauzwa kwa bei ambayo mwanafunzi anaimudu: jiwe, tupa, msasa, nta. Asidi ndiyo inayosafirishwa kutoka mbali. Jiwe halisafirishwi.

Wala tusidanganyane kwamba tatizo ni uhaba wa vipaji. Matokeo ya KJSEA, mtihani wa kumaliza Gredi ya 9, yalipotangazwa Desemba 2025, wizara yenyewe ilisema karibu nusu ya watahiniwa wameonyesha uwezo wa kufuata sanaa na michezo. Mpango wake, lakini, ulikuwa wa kupeleka huko asilimia 15 tu, STEM ipate 60 na sayansi za jamii 25. Yaani tulitumia miaka tisa ya mtaala wa umilisi kumtafuta mtoto ana kipaji gani, tukakipata, halafu tukamwambia nafasi zimejaa.

Hapo ndipo hoja ya fomu ya shule 12 inapoanza kuudhi. Karo iliyotangazwa kwa shule za bweni za kundi la juu ni Sh53,554 kwa mwaka, na kwa nyingine za bweni Sh40,535, kabla hujanunua sare, godoro na sanduku. Mzazi anayesugua vinyago kwa malipo ya kila kipande atazitoa wapi? Shule ya kutwa anailipia chakula cha mchana, na hata hicho kwa kuhangaika. Kumwambia mwanawe achague shule ya bweni iliyo na karakana ya sanaa ni kumpa haki ya karatasi. Na akipata mfadhili akaenda, atakwenda kujifunza kuchonga kwa udongo wa dukani, mbali na mlima wa mawe na mbali na baba yake aliyechonga kwa miaka thelathini.

Kuhusu walimu, kikwazo ni cha kutengenezwa. Sheria ya Tume ya Huduma za Walimu (TSC) ya 2012 haimruhusu asiyesajiliwa kuwa mwalimu, na ni vizuri iwe hivyo. Lakini haimzuii mwalimu wa sanaa aliyesajiliwa kuhudumia shule tatu jirani kwa zamu, huku fundi wa kijiji akiingia kama mgeni wa darasa chini ya usimamizi wake. Mtaala huu huu una somo la lazima la huduma kwa jamii, linalomtoa mwanafunzi nje ya darasa aende kwa watu. Wameandika jamii ni darasa, kisha wamekagua shule kwa kuhesabu vyumba. Mpigaji obokano aliyeko Nyamira, anayejua nyuzi nane za chombo hicho kuliko chuo chochote, hana chumba. Basi muziki nao, kwa hesabu hiyo, haupo.

Kinachotakiwa hakihitaji bajeti mpya wala tume. Wizara iruhusu shule ya C4 iongeze somo moja tu la mkondo wa tatu, sanaa za uchoraji na uchongaji au muziki au michezo, pale inapoweza kuonyesha mafundi na malighafi vilivyo ndani ya mwendo wa mguu, na mkaguzi aje akague kazi za wanafunzi badala ya kupima ukubwa wa chumba. Waliojiunga Januari 2026 watafanya mtihani wao wa mwisho 2028 bila hayo; wamekwishapitwa. Watakaojiunga Januari 2027 wako Gredi ya 9 sasa, na orodha ya mikondo ya kila shule bado inaweza kurekebishwa kabla hawajaketi kujaza fomu.