Tusiuze Ndengu Zote

Ndugu zangu wa Kitui na Makueni, mgonjwa wa kisukari huambiwa kwamba kongosho lake, litoalo homoni ya insulini, limechoka. Ni kweli, ila si lote la kusema. Katika ukuta wa utumbo mmetawanyika seli nyingine zitoazo homoni, nazo huliarifu kongosho kwamba chakula kimeingia. Jambo hili halikuanza kujulikana jana: mwaka 1902 Bayliss na Starling, huko London, walionyesha kuwa utumbo huliamrisha kongosho kwa ujumbe upitao katika damu.

Kwa mtu mwenye afya, sukari aliyoinywa huamsha insulini nyingi kuliko sukari iliyotiwa mshipani, kwa sababu utumbo umetia neno. Kwa mwenye kisukari cha aina ya pili, msaada huo hupungua sana. Homoni ya utumbo iitwayo GIP kongosho haliitikii tena ipasavyo. Nyingine ya utumbo, GLP-1, bado huitikiwa, lakini huvunjwavunjwa katika dakika chache. Ndiyo maana wataalamu wameunda dawa za kuiga hiyo ya pili.

Si utumbo tu unaotajwa nje ya kongosho: mwaka 2004 watafiti walieleza kuwa wameona seli zenye kutengeneza insulini hata katika ini na mafuta ya panya wenye kisukari. Lakini panya hao walibaki na kisukari chao. Basi asije mtu akakudanganya kwamba mwili utajioteshea kongosho jipya, ukaacha sindano yako. Hilo ni kufa kwa hiari!

Sasa tutazame sufuria zetu. Seli zitoazo GLP-1 ni nyingi zaidi kuelekea mwisho wa utumbo. Ugali wa unga mweupe humeng'enywa mapema, kabla ya kufika huko. Ndengu, mbaazi, kunde na mtama hupeleka nyuzinyuzi hadi chini, bakteria huzichachusha, na mazao yake huziamsha seli hizo. Nasi tunafanya nini? Wanunuzi wakija na malori tunauza ndengu hadi punje ya mwisho, kisha tunarudi dukani kununua unga uliokobolewa. Siwalaumu wazazi, maana karo haingoji. Lakini gunia moja libaki ghalani. Muthokoi wetu wa mahindi nao, mtamu kweli, umekwisha kuvuliwa maganda, kwa hiyo uzidishiwe mbaazi. Na mwenye kisukari aanze kwa ndengu na mboga, ugali ufuate, kidogo, huku akitumia dawa zake kama alivyoagizwa kliniki.