Walinzi wa Heshima wa Haile Selassie: Waliapa kwa Nani?

Siku chache baada ya televisheni kutuonyesha mgeni wa kitaifa akikagua gwaride la heshima, mwanafunzi mmoja aliniuliza darasani: "Mwalimu, pale anakagua nini hasa? Akiona kifungo kimelegea atafanyaje?" Darasa lilicheka, nami nikacheka nalo. Hata hivyo swali lile lilikuwa bora kuliko jibu nililompa, na makala haya ni deni ninalojaribu kulilipa.

Kwa mtazamo wangu, gwaride la heshima si urembo wa dola. Kiongozi hupita mikono mitupu mbele ya watu wenye silaha, na umma hushuhudia kwamba hawamdhuru. Ni ushahidi wa hadharani kuwa bunduki inamtii asiye na bunduki. Swali ambalo tendo lile halijibu ni hili: inamtii kwa sababu gani? Kwa kuwa ni yeye, au kwa kuwa anashika nafasi ambayo sheria imempa, na ambayo kesho atashika mwingine?

Katika ukanda wetu sijui kikosi ambacho historia yake inalijibu swali hilo kwa uchungu kuliko Kebur Zabanya wa Ethiopia. Jina lenyewe, kwa Kiamhari, ni "walinzi wa heshima". Neno zabanya halijafa. Mlinzi anayekufungulia lango usiku katika mitaa ya Addis Ababa huitwa vivyo hivyo mpaka leo.

Kikosi kilianzishwa mwaka 1917, wakati Ras Tafari, ambaye baadaye angekuwa Haile Selassie, alikuwa bado mrithi na msimamizi wa kiti cha enzi cha Malkia Zewditu. Askari wa Ethiopia wa zama zile walikuwa wa mabwana. Kila ras alikuwa na watu wake, aliowalisha kwa mapato ya ardhi yake, nao walimfuata yeye kwanza. Tafari alitaka askari wanaokula kwake na kupokea amri kwake tu. Miongoni mwa wa kwanza walikuwamo Waethiopia waliowahi kutumikia Waingereza katika King's African Rifles, jeshi lilelile ambalo babu zetu wa Tanganyika, Kenya, Uganda na Nyasa walilijua kwa jina la Keya. Kutoka hapo kikosi kikakua. Maofisa wa Ubelgiji wakaja kukifunza, na Tafari alipovikwa taji tarehe 2 Novemba 1930, wageni kutoka Ulaya walikuta askari wanaosimama kwa mistari iliyonyooka. Ujumbe ulikuwa kwao, lakini ulikuwa zaidi kwa maras waliokaa safu za mbele.

Isidhaniwe kwamba walikuwa askari wa maonyesho tu. Tarehe 31 Machi 1936, kule Maychew, Mfalme aliwaingiza katika vita vyake vya mwisho vikubwa dhidi ya jeshi la Italia, na wengi hawakurudi. Baada ya Mfalme kurejea kutoka uhamishoni mwaka 1941 kikosi kilijengwa upya, safari hii kwa msaada wa wakufunzi wa Sweden. Mwaka 1951 ndicho kilichotoa askari wa batalioni za Kagnew zilizopigana Korea chini ya bendera ya Umoja wa Mataifa. Na tarehe 10 Septemba 1960 askari mmoja wa kikosi hicho, Abebe Bikila, alikimbia marathoni ya Olimpiki mjini Roma bila viatu na kushinda kwa saa 2, dakika 15 na sekunde 16, katika mji mkuu wa taifa ambalo miaka 24 kabla lilikuwa limeikalia nchi yake. Sidhani kama kuna kikosi cha ikulu Afrika kilichowahi kulipatia taifa lake heshima kubwa kuliko ile.

Miezi mitatu baadaye kikosi kilekile kilijaribu kumpindua Mfalme.

Jioni ya tarehe 13 Desemba 1960, Haile Selassie akiwa ziarani Brazil, kamanda wa walinzi, Brigedia Jenerali Mengistu Neway, aliwakamata mawaziri na wakuu wa nchi kwa kuwaita kwa hila. Kichwa cha fikra kilikuwa mdogo wake, Germame Neway, na huyu anastahili kutuchelewesha kidogo. Alisoma Marekani, na tasnifu yake ya uzamili katika Chuo Kikuu cha Columbia ilihusu sera ya makazi ya walowezi wa Kizungu nchini Kenya. Aliporudi alipewa utawala wa Walamo, kusini. Akaanza kuwagawia ardhi wasio na ardhi. Mabwana wa ardhi wakalalamika kwa Mfalme, naye akahamishiwa Jijiga. Huko nako akahangaikia shule na visima, akakuta kwamba kila kitu, hata pesa ndogo, hungoja ridhaa ya mtu mmoja mjini Addis Ababa. Mtu aliyeandika juu ya Wakikuyu kunyang'anywa mashamba alikuwa ameyaona yaleyale nyumbani, tofauti ikiwa rangi ya mwenye shamba.

Mwanamfalme mrithi, Asfa Wossen, alisoma redioni tamko kwamba atatumikia taifa kwa mshahara kama Mwethiopia mwingine yeyote, na kwamba nchi changa za Afrika zilizopata uhuru jana zilikuwa zinaipita Ethiopia yenye maelfu ya miaka. Wanafunzi wa chuo kikuu wakaandamana kuunga mkono. Kanisa likawalaani waasi. Jeshi la nchi kavu na la anga vikabaki na Mfalme, na kwa siku mbili walinzi wakapigwa ndani ya mji mkuu. Kabla ya kukimbia, waasi waliwafyatulia risasi mateka wao katika Ukumbi wa Kijani wa kasri ya Genete Leul na kuwaua 15, akiwamo Ras Abebe Aregai, shujaa wa vita vya msituni dhidi ya Waitaliano. Siwezi kuwatakasa Neway wawili kwa jambo hilo, hata ninapokubali karibu kila kitu Germame alichokisema juu ya ardhi. Germame alikufa kabla ya mwezi kwisha. Mengistu alinyongwa hadharani tarehe 30 Machi 1961.

Kwa nini jeshi halikuungana na walinzi? Vitabu vingi hutaja uaminifu kwa Mfalme. Naamini sababu ya chini zaidi ilikuwa wivu, na wivu huo ulikuwa umepandwa na kumwagiliwa. Walinzi walipata mafunzo bora, sare bora na ukaribu na kiti cha enzi. Jeshi liliwatazama kwa kijicho. Mfalme alikuwa stadi wa kuhakikisha hakuna wawili wenye nguvu wanaoaminiana, na hakufanya hivyo kwa askari peke yao. Waethiopia wana neno, shum-shir, kuteua na kutengua, linaloeleza mtindo wa kumpandisha mtu leo na kumshusha kesho ili asisahau aliyempandisha. Watumishi wa umma wanaonisoma hawahitaji tafsiri. Nasi tuna maneno yetu mawili yanayosomwa usiku kwenye taarifa za ikulu.

Mwaka 1960 hila hiyo ilimwokoa, na ndiyo maana wasifu wengi wa Haile Selassie humsifu kwa busara. Mimi nahesabu kwa namna nyingine. Mwaka 1961 jeshi, likijua sasa thamani yake, lilidai nyongeza ya mshahara, na likapewa. Bunge halikuwa na sauti, vyama vya siasa havikuwapo, na walinzi walikuwa wamevunjwa nguvu. Ikabaki taasisi moja yenye uwezo wa kusema "hapana", nayo ilikuwa na vifaru. Januari 1974 askari wa Negele, kusini, waliasi kwa sababu ya chakula kibovu na uhaba wa maji. Jenerali aliyetumwa kuwatuliza wakamshika na kumlisha kile walichokuwa wakilishwa. Kufikia Juni kamati ya wanajeshi, Derg, ilikuwa imeundwa kwa wajumbe kutoka vikosi mbalimbali, walinzi wa Mfalme wakiwamo. Tarehe 12 Septemba 1974 Mfalme alitolewa ikuluni na kupakiwa kwenye gari dogo aina ya Volkswagen. Hakuna kikosi kilichojitokeza kumzuilia njia aliyekuja kumtoa. Mwaka mmoja baadaye alikuwa amekufa mikononi mwa askari. Maiti yake ilifichwa chini ya sakafu ya kasri, na hakuzikwa kwa heshima mpaka Novemba 2000.

Najua kuna wasomaji watakaosema: hayo ni mambo ya wafalme, sisi ni jamhuri. Tanganyika nayo ilionja. Januari 1964 askari wa Tanganyika Rifles waliasi kwa ajili ya mishahara na maofisa wa Kiingereza, na serikali ikaona afadhali kulivunja jeshi lote na kuunda jingine, JWTZ, tarehe 1 Septemba mwaka huohuo. Na Ethiopia yenyewe, tarehe 10 Oktoba 2018, iliona askari wenye silaha wakifika ofisini kwa Waziri Mkuu Abiy Ahmed kudai nyongeza ya mshahara. Aliwapigisha pushapu kumi, akapiga pamoja nao, picha zikaenea, watu wakacheka. Baadaye aliliambia bunge kwamba miongoni mwao walikuwamo waliotaka kumuua. Nchi ikaunda kikosi kipya, Walinzi wa Jamhuri. Jina limebadilika kutoka heshima hadi jamhuri, na hilo si dogo. Ila ningependa kuona, kabla ya sare zao, maneno ya kiapo chao, na nani mwingine zaidi ya anayelindwa ana uwezo wa kuwahoji makamanda wao.

Kasri ya Genete Leul Mfalme aliitoa iwe chuo kikuu mwaka 1961, miezi michache baada ya damu ile. Sijui kama ilikuwa toba au alishindwa kulala humo. Labda yote mawili. Leo ni sehemu ya Chuo Kikuu cha Addis Ababa, na ndani yake kuna makumbusho. Nje pana ngazi iliyojengwa na Waitaliano, kila kidato kikihesabu mwaka mmoja wa utawala wa Mussolini, na juu kabisa Waethiopia wameweka simba mdogo wa Yuda. Watalii hupiga picha hapo. Mimi nilikaa zaidi ghorofani, katika vyumba vya Mfalme, mbele ya kioo chenye tundu la risasi ya Desemba 1960. Wameacha kukibadilisha.

Mwanafunzi wangu bado anangoja jibu kuhusu kifungo. Muhula ujao nitaanza kwa kumwonyesha picha ya kioo hicho.