Mikongo ya baharini inaongezeka, ila intaneti ikikata swichi ndizo zitaamua

Mei 12, 2024 ilikuwa Jumapili. Dar es Salaam, Nairobi, Kampala, Kigali, kote kilio kilikuwa kimoja: bando lipo, mtandao haushiki. Nape Nnauye, aliyekuwa Waziri wa Habari wa Tanzania wakati huo, alitangaza kuwa kuna hitilafu kwenye mikongo ya EASSy na Seacom, kati ya Msumbiji na Afrika Kusini. Miwili kwa mpigo.

Kaskazini nako hakukuwa salama. Tangu Februari mwaka huohuo Seacom na mikongo mingine ilikuwa imekatika kwenye Bahari ya Shamu. Inadhaniwa iliburuzwa na nanga ya Rubymar, meli iliyoshambuliwa na Wahouthi.

Tangu hapo mazungumzo mengi yamekuwa ya kuhesabu: Kenya ina mikongo mingapi, Tanzania ina mingapi, mpya unafika lini. Ni swali halali, ila ni nusu tu. Nusu nyingine ni hii: mkongo ukikata, data iliyokuwa inapita humo inahamia wapi, na huko kuna nafasi? Hapo ndipo zinapoingia swichi za mwanga.

Rangi zisizoonekana

Uzi wa faiba ni kioo chembamba kama unywele. Ndani yake hupita mawimbi mengi ya mwanga kwa wakati mmoja, kila moja na "rangi" yake ambayo jicho haliioni, na kila rangi imebeba data yake. Rangi hizo zimepangwa kwenye bendi. Iliyozoeleka ni bendi C, kuanzia nanomita 1530 hadi 1565. Jirani yake ni bendi L, inayofika hadi 1625. Mtandao ukitumia zote mbili, uwezo wa uzi uleule unaongezeka takriban mara mbili, bila kuchimba mtaro mpya.

Sasa kuna njia panda, yaani vituo ambako nyuzi za pande tofauti hukutana. Lazima kitu fulani kiamue rangi ipi iende wapi. Njia ya zamani ni kugeuza mwanga kuwa umeme, kuusoma, kisha kuurudisha kuwa mwanga. Inafanya kazi, ila inakula umeme na kila rangi inataka vifaa vyake.

Swichi ya mwanga inaruka hatua hizo. Mwanga ukiingia unatawanywa kama jua linavyotawanyika kuwa upinde wa mvua, na kila rangi inatua mahali pake kwenye kijikioo chenye fuwele kioevu, ndugu wa kioo cha LCD kwenye skrini. Fundi akiwa ofisini anabadilisha mpangilio kwa kompyuta, rangi inapinda na kutokea mlango mwingine. Hakuna anayepanda gari kwenda kuchomoa waya.

Bendi mbili, kazi mbili

Shida ni kwamba swichi iliyotengenezwa kwa bendi C haiwezi kupanga rangi za bendi L. Kwa miaka mingi suluhisho limekuwa kuweka mashine mbili, kutenganisha bendi kabla na kuziunganisha tena baadaye, na kila kiungo kinapunguza mwanga kidogo. Swichi mpya zinabeba bendi zote mbili kwenye kifaa kimoja.

Halafu kuna jambo ambalo wengi hawalijui. Ndani ya kioo, mwanga wa bendi C hupoteza sehemu ya nguvu yake na kuipa bendi L. Rangi nyingi zikipotea ghafla kwa sababu uzi umekatika mahali fulani, hata zile zilizobaki, ambazo zilikuwa zinakwenda vizuri kabisa, nazo zinayumba. Ndiyo maana mitandao ya bendi mbili huziba mapengo kwa mwanga mtupu usio na data, uzi ubaki kana kwamba umejaa. Data halisi ikija, swichi inautoa mwanga mtupu na kuiweka data mahali pake.

Maabara ziko mbali zaidi. Juni 2024 taasisi ya NICT ya Japani ilitangaza kupitisha terabiti 402 kwa sekunde kwenye uzi mmoja wa kawaida, kwa kutumia bendi kuanzia O hadi U. Namba tamu, lakini umbali ulikuwa kilomita 50. Dar hadi Mombasa tu ni zaidi ya hapo mara kadhaa.

Baharini mambo ni tofauti. Vikuza mwanga vilivyolala chini ya bahari vikiwa vimejengwa kwa bendi C, haviongezwi bendi L vikiwa hukohuko. Kwa hiyo bendi ya pili inawezekana zaidi kwenye faiba za nchi kavu, zile zinazopeleka intaneti kutoka pwani hadi Uganda, Rwanda na Burundi. Baharini mkakati umekuwa kuongeza nyuzi. Mkongo wa 2Africa, unaoongozwa na Meta, una hadi jozi 16, na umewekewa swichi za mwanga chini ya maji ili uwezo uhamishwe kati ya vituo vya pwani bila kuuinua mkongo.

Ila swichi haitengenezi njia ambayo haipo. Kampuni isiyolipia nafasi ya akiba kwenye mkongo mwingine haina pa kuhamishia rangi zake, hata ikiwa na mashine ya bei gani. Wadhibiti wa mawasiliano wangeweza kuuliza hilo kabla ya kutoa leseni, si baada ya mtandao kukata.

Novemba 2025 Meta ilitangaza kukamilika kwa sehemu kuu ya 2Africa, inayounganisha mashariki na magharibi mwa Afrika. Kipande cha Bahari ya Shamu kilikuwa bado. Hivyo kwa mkongo huo, njia ya Mombasa na Dar kwenda Ulaya ilibaki ile ya kuzunguka kusini, ikipita pwani ileile ya Msumbiji na Afrika Kusini.