Hakuna Msitu Unaoota Noti

Jumapili iliyopita mhubiri mmoja alitangaza kwamba soko la fedha ni msitu wa baraka: tupa mbegu, lala, amka uvune. Waumini wakapiga vigelegele. Mimi damu ilinichemka.  

Msitu huo ni wa hadithi. Katika kitabu cha Carlo Collodi cha mwaka 1883, Mbweha na Paka wanamdanganya Pinocchio afukie sarafu zake za dhahabu ili uchipue mti wa sarafu. Kile ni kitabu cha watoto. Leo wanaoamini ni watu wazima wenye shahada.

Mimi nina swali moja tu: pesa hiyo inatoka kwa nani? Hati fungani ya serikali ina jibu: inalipwa kwa kodi. Hisa ya benki ina jibu: gawio hutokana na faida, na faida isipopatikana hulambi kitu. Msitu hauna jibu, kwa sababu pesa inatoka kwa aliyeingia nyuma yako.

Mwaka 1920 huko Boston, Charles Ponzi aliahidi faida ya asilimia 50 kwa siku 45, akidai anafanya biashara ya kuponi za posta. Kumbe alimlipa wa jana kwa pesa za wa leo. Hapa kwetu Tanzania DECI, taasisi ya upatu wa pesa, nayo ilihubiri kupanda na kuvuna, mpaka serikali ilipoipiga marufuku mwaka 2009. Waliopanda mwisho walivuna machozi.

"Mbona shemeji yangu alilipwa?" Hiyo ndiyo hoja yao kubwa! Alilipwa, ndiyo. Kwa pesa yako.

Jirani yangu, muuza vitumbua, alinionyesha msitu wake kwenye simu. Salio linasoma milioni mbili. Akibonyeza "toa", anadaiwa kwanza "ada ya uhakiki". Ameilipa, ikadaiwa nyingine. Mtaji wa mchele na mafuta umekwisha, na asubuhi hakaangi tena.

Kwa hiyo yeyote anayekualika msituni, awe mchungaji, mjomba au rafiki wa kundi la WhatsApp, mwulize: inatoka kwa nani? Akikujibu kwa ushuhuda badala ya hesabu, ondoka na pesa yako. Na mhubiri aliyekwisha kupokea fungu la kumi la pesa hizo alirudishe kwa wenyewe.