Zebaki ya Misisi, barafu ya Kaskazini na kimya chetu

Nilizaliwa Bibokoboko, kwenye vilima vinavyotazama Baraka na Ziwa Tanganyika. Kule juu mtoto huujua upepo mapema. Asubuhi ukungu hupanda kutoka ziwani, na kiangazi nyasi zikichomwa kilima cha pili, mama huanua nguo kambani kabla moshi haujafika. Hakuna aliyehitaji kutufundisha kwamba hewa ya jirani ni hewa yetu pia. Tulichokuwa hatujui ni kwamba ujirani huo unaweza kufika mbali kiasi gani.

Vita vilipotufukuza mwaka 2021, familia yetu ilishuka Baraka. Hakukuwa na ng'ombe tena wala shamba. Kaka yangu, mtoto wa baba mkubwa, akaenda Misisi kutafuta riziki kwenye machimbo ya dhahabu, kama walivyofanya vijana wengi wa Fizi, wa makabila yote. Siku moja alikuja kutusalimia akiwa na kichupa kidogo mfukoni. Ndani mlikuwa na kitu kizito, king'aacho, kinachokimbia kama maji lakini hakilowanishi. Alikiita kwa jina la Kifaransa, merkire. Alikuwa amebeba pia donge la kijivu lililofungwa katika kitambaa. Aliliweka kwenye kipande cha bati juu ya mbabula ya mama, na sisi watoto wa nyumba tukainama kutazama. Donge likabadilika rangi polepole, kutoka kijivu hadi manjano. Mama akauliza, "Na ile nyeupe imeenda wapi?" Kaka akacheka: "Imeisha, mama. Imeenda na upepo." Kisha mama akarudisha sufuria ya bugali mahali pale pale.

Swali la mama lilinikalia kichwani hadi nilipofika chuoni. Katika zoezi la tafsiri tulipewa ukurasa mmoja wa Kifaransa kuhusu uchafuzi wa hewa unaosafiri hadi Aktiki, yaani nchi za barafu za Ncha ya Kaskazini. Humo nikakutana na kile kichupa. Merkire ni zebaki, neno ambalo Kiswahili kililipokea kutoka Kiarabu. Na jibu la swali la mama lilikuwemo: ile nyeupe haiishi.

Nieleze kwa ufupi, kwa sababu hoja yangu inasimama juu ya jambo hili. Mchimbaji huchanganya zebaki na mchanga uliosagwa ili ishike chembe za dhahabu. Hukamua kwa kitambaa, hubaki donge, halafu hulichoma. Zebaki hugeuka hewa, dhahabu hubaki. Sehemu ya hewa hiyo huvutwa na aliye karibu, na sehemu nyingine huanguka jirani, kwenye paa, udongo na maji. Lakini nyingi hupanda. Zebaki ya namna hiyo haiyeyuki kwa urahisi katika maji, kwa hiyo mvua haiioshi upesi kama inavyoosha vumbi. Inaweza kukaa angani miezi kadhaa, hata kukaribia mwaka, na muda huo unatosha pepo kuizungusha dunia nzima.

Kule Kaskazini kuna mtego wake. Mwaka 1995, katika kituo cha Alert, kaskazini kabisa mwa Kanada, wanasayansi waliona jambo la ajabu: jua liliporudi baada ya giza la majira ya baridi, zebaki ilitoweka hewani kwa vipindi vya saa na siku. Chumvi ya bahari iliyo kwenye barafu hutoa bromini, na bromini ikipigwa na jua huibadilisha zebaki ikawa ya kunata na kuanguka juu ya theluji. Sehemu yake hurudi hewani. Nyingine hubaki, nayo mimea midogo na udongo wa huko hufyonza zebaki moja kwa moja kutoka hewani. Theluji ikiyeyuka, zebaki huingia mitoni na baharini. Bakteria huigeuza kuwa sumu kali zaidi, samaki wadogo huila, wakubwa huwala wadogo, sili na nyangumi huwala hao, na kila ngazi sumu huongezeka. Juu ya ngazi hiyo wamo Wainuiti, watu wanaoishi kwa nyama ya sili na nyangumi kama sisi tulivyoishi kwa maziwa. Hawana machimbo ya Misisi, wala hawajawahi kuiona Fizi.

Sidai kwamba tone la kaka yangu limo ndani ya sili fulani. Hakuna awezaye kulifuata. Viwanda vya umeme vinavyochoma makaa ya mawe vimo, vya saruji vimo, na vya vyuma vimo. Lakini tathmini ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2018 ilikadiria kwamba kati ya tani 2,200 hivi za zebaki ambazo binadamu walirusha hewani mwaka 2015, asilimia 38 hivi zilitoka kwa wachimbaji wadogo wa dhahabu wa dunia nzima. Hakuna shughuli nyingine iliyotoa zaidi. Misisi ni sehemu ya hesabu hiyo.

Msomaji wa jarida hili atauliza: hayo ni ya kitivo cha sayansi, sisi wa lugha yanatuhusu nini? Yanatuhusu kwa njia mbili.

Ya kwanza: zebaki hula lugha. Huko Minamata, Japani, ambako sumu hii ya kiwandani iligunduliwa rasmi mwaka 1956 baada ya watu kula samaki wa ghuba yao, baadhi ya wagonjwa walipoteza uwezo wa kutamka maneno vizuri. Na katika Visiwa vya Faroe, kaskazini mwa Atlantiki, watafiti waliwafuata watoto waliozaliwa mwaka 1986 na 1987, ambao mama zao walikula nyama ya nyangumi walipokuwa wajawazito. Walipowapima wakiwa na miaka 7, upungufu ulionekana zaidi katika mambo matatu: lugha, umakini na kumbukumbu. Hawakuwa watoto ambao ungewatazama ukasema ni wagonjwa. Walikuwa watoto wanaotafuta neno na kulikosa. Sisi tunaotumia miaka kuchunguza jinsi mtoto anavyopata lugha, tungepaswa kushtuka kuliko wote.

Ya pili: onyo limeandikwa, lakini halijafika kwa lugha ya anayechoma. Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki ulipitishwa mwaka 2013 na kuanza kutumika mwaka 2017. Matini yake rasmi yako katika lugha sita: Kiarabu, Kichina, Kiingereza, Kifaransa, Kirusi na Kihispania. Kiswahili hakimo, ingawa shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa, lililosimamia mazungumzo yake, lina makao makuu Nairobi, mji ambao mlinzi wa getini huwasalimu wageni kwa Kiswahili. Katiba yetu ya mwaka 2006 inakitaja Kiswahili kuwa mojawapo ya lugha nne za taifa, lakini ripoti za machimbo huandikwa Kifaransa. Kaka yangu anasoma Kiswahili vizuri. Kifaransa chake kinaishia kwenye jina la ile sumu.

Katika lile zoezi la tafsiri nilikwama kwenye neno moja, na sijakubaliana na darasa hadi leo. Zebaki inayopanda kutoka kwenye donge tuiite nini? Jibu la kamusi ni mvuke. Ni jibu sahihi, na nilipata alama. Lakini muulize mama yangu mvuke ni nini. Atakuonyesha sufuria ya bugali. Mvuke ni kitu cha chakula, cha maji ya moto, cha kumfukiza mtoto mwenye mafua. Ukimwambia "kuna mvuke" hataondoa mtoto jikoni. Ukimwambia "kuna moshi", ataondoa. Moshi anaujua, ameukimbia maisha yake yote. Ubaya ni kwamba huu hauna rangi wala harufu, na wahenga walisema lisilokuwepo machoni na moyoni halipo. Ndiyo sababu mimi ningeandika "moshi wa zebaki usioonekana", na mwalimu wa kemia anisamehe. Istilahi ya onyo ipimwe kwa swali moja: je, anayelisikia atasogeza mbabula?

Najua pingamizi. Wapo wanaosema kwamba wachimbaji wanajua hatari, ila njaa haiwapi nafasi ya kuchagua. Kuna ukweli humo, na sitaki mtu asome makala haya kama mashtaka dhidi ya maskini. Dhahabu ile haivaliwi Misisi. Faida yake kubwa huvuka mipaka kwa haraka kuliko zebaki, na anayeipata hajawahi kuvuta hewa ya donge. Lakini kaka yangu alichoamini ni kwamba ukiinywa merkire utakufa. Hakujua kwamba kuivuta ni hatari zaidi kuliko kuigusa, wala kwamba kuna chungu kilichofungwa chenye bomba ambalo hupoza ule moshi na kuirudisha zebaki chupani ili itumike tena. Hilo lingemwokolea hata fedha. Njaa haikumzuia kulijua. Hakuna aliyemwambia kwa maneno yake.

Kwa hiyo napendekeza kazi moja iliyo ndani ya uwezo wetu. Zoezi la tafsiri la mwaka wa kwanza lisiishie kwenye daftari la mwalimu. Tuandike ukurasa mmoja kuhusu kuchoma dhahabu, kwa Kiswahili cha Fizi, kisha kwa Kibembe, Kifuliiru na Kinyamulenge. Tukisome kwa sauti mbele ya wachimbaji na mama zao kabla ya kukichapa, na kila neno lisiloeleweka tulifute, hata kama limo katika kamusi. Redio za Baraka zitakisoma. Ukurasa huo useme mambo matatu tu: usichomee nyumbani wala jikoni, tumia chungu kilichofungwa, na ile nyeupe haiishi.

Likizo iliyopita nilimweleza mama habari za Aktiki. Barafu anayoijua ni ile ya kwenye mifuko ya plastiki inayouzwa sokoni Baraka, kwa hiyo nilianzia hapo. Alisikiliza hadi mwisho, kuhusu sili, nyangumi na akina mama wa kule. Nilitarajia aseme huko ni mbali. Akauliza kama wale akina mama wameambiwa. Nikamjibu kwamba wameambiwa, kwa lugha yao, na wanashauriwa wale nini wanapokuwa na mimba. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Basi wao wako mbali na moto wameambiwa. Sisi tuliokaa kwenye moto, mwanangu, mlikuwa mnangoja nini?"

Sikuwa na jibu. Nimelileta swali lake hapa kitivoni.