Mniache Nianguke

"Dada, mtu mzima na viatu vya barafu wapi na wapi?" Ndugu zangu wa hapa Toronto huniuliza kwa huruma, kana kwamba naumwa. Nina miaka 46. Mtoto akianguka uwanjani hupigiwa makofi. Nikianguka mimi natafutiwa benchi.

Somo la kwanza lilikuwa kuanguka: kunja magoti, lalia ubavu, kunja ngumi vidole visikatwe. Anayeogopa kuanguka huegemea nyuma, akaangukia kisogo. Kwa hiyo heshima mnayotaka niilinde, ya kusimama wima kama mlingoti, ndiyo yenye hatari. Na nani kawaambia nataka kuruka? Nataka kuteleza kwa mguu mmoja, juu ya makali ya nje ya kisu cha kiatu, nihesabu hadi tatu. Jana nilifika mbili.